Jeshi Linapoingia Mtaani: Nani Amelituma, na Nani Ataulizwa?

Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, maandamano yalizuka Dar es Salaam na katika miji mingine ya Tanzania. Siku hiyohiyo amri ya kutotoka nje usiku ilitangazwa Dar es Salaam, intaneti ikakatwa, na wanajeshi wakaonekana barabarani pamoja na polisi. Watu waliuawa, na idadi yao imekuwa ikibishaniwa tangu wakati huo. Katikati ya msiba likaibuka swali ambalo majibu yake yaligongana vibaya. Wapo waliouliza kwa nini jeshi limeingia katika kazi ya polisi. Wapo waliouliza, kwa uchungu uleule, kwa nini jeshi halikusimama kati ya polisi na wananchi. Na wapo ambao tangu kabla ya kura walikuwa wakilisihi jeshi mitandaoni lichukue hatua, ingawa ni wachache waliosema wazi hatua yenyewe ni ipi.

Maswali hayo yanadai majeshi matatu tofauti. La kwanza linakaa kambini likitazama mipaka, la pili ni mkono wa serikali ndani ya nchi, la tatu ni hakimu juu ya serikali yenyewe. Watanzania wamelelewa wakiita yote matatu kwa jina moja, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), na mkanganyiko huo una historia inayoweza kufuatiliwa.

Jeshi lililozaliwa na uasi

Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Walitaka mishahara bora, na walitaka maofisa wa Kiingereza, ambao bado walikuwa wakiwaamrisha miaka miwili baada ya uhuru, waondoke. Kwa siku kadhaa serikali haikuwa na chombo cha kuwazuia. Waziri Oscar Kambona alikwenda kuzungumza na waasi huku Rais Julius Nyerere akiwa amefichwa. Januari 25, makomando wa Uingereza walioletwa na meli ya HMS Centaur waliuzima uasi huo, na nchi huru ikabaki na fedheha ya kuokolewa na mkoloni wa jana.

Uasi kama huo ulitokea wiki hiyohiyo Jinja, Uganda, na Lanet, Kenya. Namna kila serikali ilivyojibu ndiyo iliyoamua mengi yaliyofuata. Milton Obote wa Uganda aliwaongezea askari mishahara na kuwapandisha vyeo haraka maofisa Waafrika, na mmoja wa walionufaika na upepo huo alikuwa Idi Amin. Miaka saba kamili baada ya makomando kutua Dar es Salaam, Januari 25, 1971, Amin alimpindua Obote. Nyerere alichukua njia nyingine. Alilivunja jeshi lote, na Septemba 1, 1964, JWTZ likaanzishwa kwa kuchukua vijana wengi kutoka Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala. Askari waliruhusiwa kuwa wanachama wa TANU, matawi ya chama yakafunguliwa kambini, na makamisaa wa siasa wakawekwa kando ya makamanda.

Mantiki yake ilikuwa kwamba askari asiyejua anachokilinda ni rahisi kununuliwa. Kwa kipimo cha mapinduzi, mpango huo ulifanikiwa kuliko mipango mingi ya Afrika ya wakati huo, kwani Tanzania Bara haijawahi kutawaliwa na wanajeshi, na njama ya 1982–83 ilizimwa kabla haijatekelezwa. Lakini ulikuwa na gharama. Kwa karibu miaka thelathini mstari kati ya jeshi, chama na serikali ulifutwa makusudi, na waliokulia katika mfumo huo walifundishwa kutouona. Mageuzi ya vyama vingi mwaka 1992 yaliurudisha kisheria. Leo Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, ingawa anaweza kupiga kura. Mazoea hayakufutika kwa kalamu moja, na maofisa, hasa wastaafu, wameendelea kupewa ukuu wa mikoa na wilaya.

Ibara hiyohiyo inawahesabu askari wa JWTZ, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa pamoja kuwa wanajeshi. Zanzibar kuna vikosi vya Serikali ya Mapinduzi kama Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo (KMKM) na Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU), ambavyo navyo vina sare na silaha. Mtu aliyepigwa usiku na mwenye magwanda mara nyingi hajui ni kikosi gani kilichompiga. Jambo hili si dogo hata kidogo, kwa sababu bila kujua kikosi, hajui kamanda, na bila kujua kamanda, hana pa kupeleka malalamiko yake.

Hoja ya mipaka, na mipaka tu

Wanaosema jeshi lishughulike na adui wa nje pekee wana ushahidi mzito wa Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia na kudai ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera. JWTZ liliyafukuza, likavuka mpaka, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Hakuna wizara, polisi wala mahakama ambayo ingeifanya kazi hiyo. Kutokana na hapo wanajenga hoja kwamba kila saa ambayo askari anaitumia kukagua magunia au kutawanya vijana ni saa iliyoibwa kwenye mafunzo ya vita, na kwamba heshima ya jeshi huliwa kidogokidogo kila linapogusana na raia. Tafiti za Afrobarometer zimeliweka jeshi mara kwa mara miongoni mwa taasisi ambazo Watanzania wanaziamini zaidi. Wanaoshika hoja hii wanaona imani hiyo inatokana na kambi kuwa mbali na mtaa.

Udhaifu wake unajitokeza katika mfano uleule. JWTZ lilishinda Vita vya Kagera kwa kushirikiana na maelfu ya mgambo na vijana wa JKT, wakisafirishwa kwa magari yaliyochukuliwa kutoka mashirika ya umma na kwa watu binafsi. Jeshi lililojitenga kabisa na jamii lisingeweza kukua kwa kasi ile. Tena adui wa leo haji na bendera. Mauaji ya Kibiti na Rufiji, yaliyofikia kilele mwaka 2017, yalifanywa na watu waliokuwa wakiishi ndani ya nchi. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Msumbiji walivuka Mto Ruvuma na kushambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Je, hapo ndani ni wapi na nje ni wapi? Na kwa miaka mingi sasa kazi kubwa ya kivita ya JWTZ imekuwa mbali na mipaka yetu, chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Desemba 7, 2017, wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio la kambi ya Semuliki, mashariki mwa Kongo.

Hoja hii ikisukumwa hadi mwisho wake inafika Costa Rica, iliyofuta jeshi mwaka 1948, au Mauritius, isiyo na jeshi la kudumu. Hakuna kati ya nchi hizo yenye mpaka na Kongo, na sioni namna ya kuuhamishia mfano wao ufukweni mwa Ziwa Tanganyika.

Hoja ya jeshi la kazi zote

Upande wa pili unaanza na JKT, lililoanzishwa Julai 10, 1963, kabla ya JWTZ lenyewe. Hapa jeshi ni shule ya uzalendo, kiwanda, shamba na hospitali. SUMAJKT, tawi la uzalishaji mali lililoundwa 1981, linajenga majengo na kulinda ofisi, na raia wanatibiwa katika hospitali ya jeshi ya Lugalo. Maporomoko ya tope yalipoufunika mji wa Katesh, Hanang, Desemba 2023, na jengo lilipoporomoka Kariakoo Novemba 2024, wanajeshi walikuwa miongoni mwa waliofukua vifusi. Sidhani kuna anayepinga hilo. Nchi isiyo na kikosi kikubwa cha uokoaji cha kiraia ingekuwa na ukatili wa aina yake kama ingewaacha wahandisi wa jeshi kambini watu wakifa chini ya zege.

Ugumu unaanza pale dharura inapogeuka utaratibu. Chukua mifano miwili ya mwaka 2018. Aprili ulizinduliwa ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo ya tanzanaiti Mirerani, uliojengwa na jeshi kwa miezi michache baada ya agizo la Rais John Magufuli. Ni kazi ya uhandisi yenye mwanzo na mwisho, ikaisha. Novemba mwaka huohuo, wanunuzi wa korosho walipogoma kupandisha bei, Rais alitangaza kwamba serikali itanunua zao lote kwa Sh3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakapelekwa Mtwara na Lindi kuzibeba. Malori yalifika. Lakini malori hayakuwa ndiyo yaliyokosekana, kwani soko la korosho lilikuwa linahitaji mnunuzi wa nje, bei inayobebeka, na njia ya kumtofautisha mkulima na mlanguzi wa kangomba, anayenunua korosho nje ya mfumo rasmi. Uhakiki ulichelewesha malipo, na kuna wakulima waliongoja fedha zao hadi mwaka uliofuata. Jeshi lilitekeleza amri yake barabara, na tatizo likabaki palepale.

Kinachoifanya kazi ya jeshi iwe ya haraka ni kwamba haina zabuni ndefu, majadiliano ya mishahara wala upinzani wa baraza la madiwani. Vitu hivyohivyo, pamoja na uchovu wote unaoletwa navyo, ndivyo vinavyompa raia nafasi ya kuuliza fedha imekwenda wapi. Kenya imepita njia hii. Kuanzia 2020 hadi 2022 huduma kadhaa za Nairobi zilikuwa chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi, na Tume ya Nyama ya Kenya ikahamishiwa Wizara ya Ulinzi. Uganda iliwapa wanajeshi ugawaji wa mbegu na miche kupitia Operation Wealth Creation, katika nafasi ambayo awali ilikuwa ya mabwana shamba. Kila mara inakuwepo nafuu ya muda, na kila mara swali la kwa nini idara ya kiraia ilishindwa linaahirishwa. Idara hiyo inazidi kudhoofu, na msimu ujao jeshi linaitwa tena kwa sababu hakuna mwingine.

Hoja ya kuwasaidia polisi

Hii ndiyo iliyoleta mabishano ya 2025, na ndiyo inayodai kupimwa kwa uangalifu zaidi.

Wanaoitetea wanasema dola haiwezi kuruhusu ombwe. Polisi wakizidiwa, vituo vikichomwa na maduka yakivunjwa, raia wa kwanza kuumia ni yule asiye na ukuta wala mlinzi. Wanaongeza kwamba mwanajeshi ana nidhamu, na sura yake pekee hutuliza. Si hoja ya kupuuza.

Wapinzani wanajibu kwamba polisi amefundishwa, walau kwenye karatasi, kutumia nguvu kwa kiasi, kukamata, kuandika maelezo na kumpeleka mtu mahakamani. Mwanajeshi wa miguu amefundishwa kumshinda adui. Silaha yake ni ya vita, hana desturi ya kutunza ushahidi, na utii wake ni kwa kamanda wake kabla ya hakimu. Kumpa mtaa ni kumtaka asahau mafunzo yake kwa siku chache kisha ayakumbuke tena.

Tanzania ina jaribio lake, na linafundisha zaidi ya nadharia yoyote. Oktoba 2013 ilianza Operesheni Tokomeza, iliyowaunganisha wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori dhidi ya ujangili. Tembo walikuwa wakiisha, na majangili walikuwa na bunduki nzito na walinzi wenye vyeo. Ndani ya mwezi mmoja yalianza kumiminika Bungeni malalamiko ya watu kuuawa, kuteswa na kudhalilishwa, mifugo kuuawa na nyumba kuchomwa. Novemba 1 operesheni ikasitishwa. Baadaye Naibu Waziri Lazaro Nyalandu alisema tembo wawili waliuawa wakati wa operesheni, na 60 katika miezi miwili baada ya kusitishwa.

Takwimu hizo zinapaswa kumsumbua kila mwenye msimamo mwepesi. Operesheni ilizuia ujangili, na operesheni hiyohiyo iliwatesa wananchi. Anayesema jeshi halifai kabisa ndani ya nchi anapaswa kueleza tembo wale wangelindwa na nani. Anayesema matokeo yalihalalisha njia anapaswa kuwatazama usoni wajane waliobaki vijijini.

Kilichotokea baadaye ndicho ninachokiona kuwa na thamani zaidi. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli ilichunguza, ripoti yake ikasomwa hadharani Desemba 20, 2013, na siku hiyohiyo mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao: Khamis Kagasheki wa Maliasili, Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani, Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi na Mathayo David wa Mifugo. Linganisha na Mtwara, Mei ya mwaka huohuo, ambako wanajeshi walipelekwa baada ya ghasia za kupinga bomba la gesi. Huko nako wakazi walilalamikia kipigo, lakini hakuna waziri aliyeondoka. Nchi moja, mwaka mmoja, jeshi moja. Tofauti ilikuwa kwamba katika tukio moja Bunge liliuliza hadi mwisho.

Hoja ya jeshi kuwa mwamuzi

Hii haihitaji maneno mengi, ila inahitaji kujibiwa kwa heshima, kwa sababu wanaoishika mara nyingi ni watu waliokata tamaa na sanduku la kura, tume na mahakama. Wanaona Mali mwaka 2020, ambako umati ulishangilia wanajeshi walipomwondoa Rais Ibrahim Boubacar Keïta. Wanaona Harare, Zimbabwe, Novemba 2017, wananchi wakipiga picha na askari juu ya vifaru wakati Rais Robert Mugabe akisukumwa nje.

Waendelee kutazama. Uchaguzi ambao watawala wa kijeshi wa Mali waliahidi kuufanya Februari 2022 haukufanyika, na Mei 2025 vyama vya siasa vilivunjwa. Harare, Agosti 1, 2018, miezi tisa baada ya shangwe, wanajeshi waliwafyatulia risasi waandamanaji na watu sita wakafa. Jeshi linaloingia kama mwamuzi halina kipindi cha miaka mitano, na likikosea hakuna mwamuzi mwingine wa kumwita. Uganda, ambako jeshi lina wabunge wake 10, Mahakama ya Juu iliamua Januari 2025 kwamba raia wasishtakiwe katika mahakama za kijeshi. Mei mwaka huo Bunge likapitisha sheria ya kuwarudisha raia katika mahakama hizo kwa makosa kadhaa.

Pengo lililo kati ya ibara tatu

Ukizipima hoja hizi pamoja, utaona mabishano yetu yamekaa mahali pasipofaa. Tunabishana kuhusu kazi ipi ni ya jeshi, wakati Kagera, Katesh, Tokomeza na korosho zinaonyesha kwamba hakuna orodha ya kazi itakayodumu. Kuna siku jeshi litahitajika ndani ya nchi. Linaloamua kama litarudi kambini na heshima yake ni nani amelituma, kwa agizo gani lililoandikwa, kwa muda gani, na nani anaitwa kujieleza likirudi.

Katiba ya Tanzania inajibu maswali hayo kwa nusu. Chini ya Ibara ya 44, Rais akitangaza hali ya vita, Bunge linapaswa kuitishwa ndani ya siku 14 kulitafakari tangazo lake. Ibara ya 32, inayohusu hali ya hatari, nayo inalirudisha suala Bungeni. Lakini Ibara ya 148 inampa Amiri Jeshi Mkuu madaraka ya kuyaamuru majeshi kushiriki vita, uokoaji, na shughuli nyingine yoyote atakayoona inahitajika. Hiyo shughuli nyingine yoyote haina siku 14, haina Spika, haina ripoti. Mpaka ukivunjwa, wabunge wanaitwa. Jeshi likitumwa Mtwara, Kariakoo au Ubungo bila hali ya hatari kutangazwa, Katiba haiwadai wabunge kitu.

Kenya ilijaribu kuziba pengo hilo mwaka 2010. Ibara ya 241 ya Katiba yake inaliruhusu jeshi kusaidia katika dharura kwa sharti la kutoa taarifa Bungeni, na kurejesha amani penye machafuko kwa idhini ya Bunge tu. Juni 25, 2024, waandamanaji vijana walipoingia Bungeni Nairobi, serikali ilitangaza kulituma jeshi ikiegemea kipengele cha dharura, chenye sharti jepesi, na idhini ya wabunge ikaja siku iliyofuata wakati wanajeshi wako tayari barabarani. Wakosoaji walisema sawasawa kwamba mlango uligongwa baada ya kuingia. Hata hivyo kulikuwa na uamuzi wa Bunge uliobaki katika kumbukumbu, na Mahakama Kuu, ingawa haikuzuia hatua hiyo, iliitaka serikali itangaze mipaka na muda wake. Raia wa Kenya alijua pa kuanzia kuuliza. Mtanzania wa Oktoba 2025 hakujua.

Marekebisho yanayohitajika si makubwa. Kanuni ya siku 14 ya Ibara ya 44 ihusu kila mara wanajeshi wanapotumwa kusimamia utulivu ndani ya nchi. Agizo litaje eneo, muda na kiongozi wa kiraia anayewajibika. Kila kikosi kinachoingia mtaani, kiwe cha Muungano au cha Zanzibar, kivae alama inayosomeka. Uokoaji wa watu kwenye maafa usiguswe na masharti hayo, kwa sababu aliyefunikwa na tope hawezi kungoja Spika. Gharama yake ipo, na ni haki kuisema: serikali itapoteza kasi, na Bunge ambalo chama kimoja kimelijaza linaweza kuidhinisha lolote. Hata Bunge la namna hiyo, likilazimika kupiga kura kwa majina, huacha maandishi ambayo mahakama na vizazi vijavyo vinaweza kuyafungua.

Pingamizi linalorudiwa zaidi ni kwamba mambo ya jeshi yakijadiliwa hadharani, adui anasikiliza na askari wanavunjika moyo. Mwaka 2013 pingamizi hilo lilijaribiwa. Ripoti ya Tokomeza, yenye maelezo ya mateso yaliyofanywa na watu wa serikali, ilisomwa mbele ya nchi nzima, na Waziri wa Ulinzi akaondoka. Wakati huohuo JWTZ lilikuwa Goma, mashariki mwa Kongo, wiki chache tu tangu brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, Mtanzania, isaidie kuwashinda waasi wa M23, na liliendelea na kazi yake.